Taa ya kwenye pipa ni kwa ajili ya macho ya mwindaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nami nichangie mjadala wa wawindaji wa Marekani wanaowapiga risasi nguruwe mwitu usiku, kwenye pipa linalowamwagia mahindi, chini ya taa. Msomaji mmoja alisema jambo hilo ni sawa na kumwua mgeni uliyemwalika chakula. Mwingine akamjibu kwamba hakuna neno, kwa sababu nguruwe haoni nyekundu wala kijani, kwa hiyo kwake yeye pale ni giza lilelile la kila siku.

Mimi nafanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe kusini-mashariki mwa San Antonio, Texas. Mapipa ya kulishia na taa zake yako chini yangu: kujaza mahindi, kubadilisha betri, kufuta vumbi kwenye paneli za sola. Nikiwasoma wasomaji hawa wawili naona wa kwanza ameitupia taa lawama isiyo yake, na wa pili ameipa uchawi ambao haina.

Nguruwe wenyewe kwanza, maana wengi huko nyumbani wanadhani ni ngiri. Sivyo. Hawa ni jamii ileile ya nguruwe wa bandani. Hawakuwako Amerika hata kidogo mpaka Wahispania walipowaleta. Hernando de Soto aliposhuka Florida mwaka 1539 alikuwa na nguruwe wake. Walowezi waliofuata wakawaachia wajilishe porini, na katika miaka ya 1930 matajiri wakaleta Texas nguruwe mwitu halisi wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda. Wakachanganyika. Leo Wizara ya Kilimo ya Marekani inakadiria wako zaidi ya milioni 6 nchi nzima, na Texas inaongoza. Kundi likiingia usiku kwenye shamba la karanga lililotoka kupandwa, linafuata mstari kwa pua kutoka mwanzo hadi mwisho likiokota mbegu, na asubuhi unakuta mfereji. Kwenye majani ya kukatia ng'ombe wanaacha mashimo ambayo huyaoni kwa sababu majani yamekwishaota juu yake, mpaka mashine iingie humo na visu vivunjike.

Ndiyo maana sheria ya Texas haimhesabu nguruwe huyu pamoja na wanyama wa kuwindwa kwa msimu. Hana msimu, hana kikomo cha idadi, usiku na mchana ni mamoja. Tangu Septemba 2019, ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi binafsi, huhitaji hata leseni. Kulungu ni habari nyingine kabisa. Kumwinda usiku kwa taa ni kosa, na askari wa wanyamapori akiona mwanga na kusikia mlio wa bunduki baada ya jua kutua, kulungu ndiye anayemfikiria kwanza. Kwa hiyo kabla ya usiku wa kuwinda tunampigia simu askari wa eneo letu, tunawapigia na majirani. Simu hiyo ni ya dakika moja na imetuepusha na maswali mengi getini.

Sasa pipa. Ni pipa la chuma au la plastiki juu ya miguu mitatu, na chini yake kuna mota ndogo yenye kisahani. Unaitegesha saa, ikifika, kisahani kinazunguka kwa sekunde chache na kurusha mahindi makavu pande zote. La kulungu linategeshwa alfajiri na jioni, na tunalizungushia uzio mfupi ambao kulungu anauruka na nguruwe anashindwa. La nguruwe halina uzio, na tunalitegesha giza likishaingia. Miguu yake tunaifunga kwenye vigingi vya chuma, maana nguruwe dume akishakula hujisugua mgongo kwenye mguu wa pipa, na pipa jipya lililojaa likianguka ni karamu ya usiku mzima kwa gharama ya bosi. Wengine hufukia kwenye shimo mahindi yaliyolowekwa mpaka yakachacha. Kulungu hayapendi, nguruwe anayafuata kutoka mbali sana. Usiyabebe ndani ya gari.

Taa inaning'inia chini ya pipa ikitazama ardhi. Ziko za aina mbili. Moja inalala mpaka ihisi mwendo ndipo iwake, nyingine inawaka jua likizama na kuzimika kunapokucha. Duka litakuuzia ya kwanza, kwa kuwa inatunza betri na inamwonyesha mwindaji aliye mbali kwamba kuna kitu kimefika. Mimi sina hamu nayo. Kwanza, kinachofika mara nyingi ni rakuni, mnyama mdogo wa usiku, na rakuni mmoja mwenye njaa atakuamsha hadi alfajiri. Pili, kundi la nguruwe linaongozwa na jike mzee, na jike mzee hapendi mambo ya ghafla. Taa ikimwakia usoni anaacha kutafuna, anakoroma mara moja, na wote wametoweka kabla hujaweka shavu kwenye bunduki. Kuna zinazowaka taratibu, na hizo zina nafuu. Lakini taa iliyokuwepo kabla ya nguruwe kufika ndiyo anayoizoea. Siku za mwanzo wanasimama kwenye ukingo wa mwanga na kunusa. Baadaye wadogo wanajitosa, mama zao wanafuata, na jike mzee anakuja wa mwisho. Tunaiacha taa na mahindi bila mtu kufyatua risasi mpaka tuone kwenye picha za kamera kwamba huyo wa mwisho naye anakula bila kuinua kichwa.

Msomaji wa pili na rangi zake. Jicho la nguruwe lina aina mbili za chembe za kupokea rangi, letu lina tatu. Zake moja hupokea zaidi upande wa buluu, nyingine upande wa kijani kinachoelekea manjano, karibu nanomita 556 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Nyekundu ya taa, ambayo huanzia nanomita 620 na kuendelea, inamfikia ikiwa hafifu zaidi. Hapo msomaji amepatia nusu. Kijani lakini kinaangukia palepale jicho la nguruwe linapofanya kazi vizuri, na jicho la mtu mchana lina nguvu zaidi kwenye nanomita 555. Yaani kijani tunachokiona vizuri sisi, na yeye anakiona. Kinachomfanya asikimbie ni mazoea. Tunafunga kijani kwa sababu kwa taa ndogo ya betri kinatuonyesha mbali kuliko nyekundu, ambayo hata sisi inatuchosha macho. Nyekundu naivaa kichwani wakati wa kutembea kwenda na kurudi, basi. Wauzaji wanaoandika kwenye boksi kwamba nguruwe ni kipofu wa rangi yao wanauza boksi.

Na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Ukimulika malisho kwa kurunzi usiku, macho ya ng'ombe, kulungu na paka yanang'aa, kwa sababu nyuma ya jicho wana utando unaorudisha mwanga. Nguruwe hana utando huo. Kwenye kurunzi yeye ni bonge jeusi tu katika majani. Sisi tunafuga Angus, aina ya ng'ombe weusi, na ndama wa Angus aliyelala akiwa amekupa kisogo naye ni bonge jeusi katika majani. Mbwa wa jirani pia. Halafu huku kusini mwa Texas yuko javelina, mnyama mdogo mwenye manyoya magumu ya kijivu na mkanda mweupe shingoni, ambaye mgeni yeyote atakuapia kuwa ni nguruwe. Javelina analindwa: kumwinda kunahitaji leseni, ana kikomo chake cha idadi, na usiku haruhusiwi kuguswa. Chini ya taa ya pipa, mnyama akiwa amesimama anakula, unahesabu alama bila haraka: mkia upo au haupo, mkanda upo au haupo, masikio, urefu wa pua. Hiyo ndiyo kazi ya taa. Anayewinda kwa kubahatisha bonge jeusi ndiye anayenitisha, na huyo hahitaji pipa wala taa, anahitaji kunyang'anywa bunduki.

Darubini zinazoona joto la mwili zimekuja na watu wamezipenda, na kweli zinamwonyesha mnyama kwenye kichaka ambako taa haifiki. Lakini joto la ndama na la nguruwe kwa mbali ni weupe uleule kwenye kioo. Hata mwenye darubini hiyo namwomba aje kwenye pipa lenye taa.

Taa nayo ina hila yake. Inakupa duara lenye mwanga, na kila kilicho nyuma ya duara kinazidi kuwa cheusi machoni pako. Risasi ya bunduki inapita mwilini mwa nguruwe na kuendelea na safari. Kwa hiyo mahali pa pipa huchaguliwa mchana, kwa kuangalia kuna nini nyuma: barabara, nyumba ya jirani, bwawa la kunyweshea. Dungu letu liko juu na pipa liko bondeni, ili risasi iishie kwenye udongo. Upepo nao ni muhimu kuliko taa. Huku mara nyingi unatoka kusini-mashariki, kutoka Ghuba ya Meksiko, ndiyo maana dungu liko kaskazini-magharibi ya pipa. Baridi ikishuka kutoka kaskazini upepo unageuka, na usiku huo tunalala. Nguruwe atakuvumilia na taa yako ya kijani mwaka mzima, ila harufu yako mara moja tu inatosha. Na simu, jamani. Mtu anakaa gizani kimya saa nzima, kisha anafungua simu kusoma ujumbe na uso wake unaonekana hadi ng'ambo ya malisho.

Kwa msomaji wa kwanza, mwenye mgeni wake wa chakula: namwelewa, na siwezi kumwambia kwamba ni mchezo wa haki, kwa sababu si mchezo. Ila ukatili nilioushuhudia mimi ni wa mnyama aliyepigwa vibaya akikimbilia kwenye miiba usiku, na mtu akimfuata kwa tochi hadi alfajiri. Aliyesimama hatua sitini chini ya taa, bunduki ikiwa imelazwa kwenye mbao, huanguka palepale. (Mimi ni Mwislamu na nyama yake siili. Wenzangu wanaoichukua huvaa glavu wakati wa kuchuna, kwani nguruwe hawa hubeba bruselosi, ugonjwa unaoambukiza na binadamu, na huipika mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi.)

Kama anataka la kulaumu, alaumu mahindi. Texas inamwaga mahindi porini kwa ajili ya kulungu, na nguruwe anakula humo. Jike huweza kubeba mimba kabla hajatimiza mwaka, anaibeba kwa siku 115 hivi, anazaa watano au sita kwa kawaida. Wataalamu wa hapa wanasema ni lazima theluthi mbili hivi waondolewe kila mwaka ili idadi isipande tu. Bunduki kwenye pipa inaondoa mmoja, wawili ukiwa mwepesi, na waliobaki wametawanyika wakiwa na akili mpya. Jimbo la Missouri lilipiga marufuku kuwinda nguruwe kwenye ardhi zake za hifadhi kwa sababu hiyo: wawindaji walikuwa wakiyavuruga makundi ambayo wategaji walikuwa karibu kuyanasa yote. Kinachopunguza nguruwe ni mtego wa zizi, wenye kamera na lango linaloangushwa kwa simu, unaofunga kundi zima, jike mzee akiwa ndani. Bosi wangu alichukua muda kukubali hilo, maana mtego hauna utamu wa kumsimulia mtu.

Wachache wameniuliza kama wanunue taa hizi kwa ajili ya mashamba yao Afrika Mashariki. Nguruwe wa huko ni wanyamapori wa asili na sheria yao ni nyingine; Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Waulizeni maofisa wa wanyamapori kwanza, msiniige mimi.

Kwa sasa pipa letu la karibu na kijito lina taa inayowaka usiku kucha, na haruhusiwi mtu kufyatua risasi hapo. Vyuma vya zizi vimesimamishwa pande tatu, upande wa nne tumeuacha wazi. Picha za kamera zinaonyesha wadogo wote wanaingia. Jike mzee bado anakula nje, na lango halifungwi mpaka naye aingie.

Msomaji wenu,
Kaunti ya Wilson, Texas