Kile kipoza hewa nilichokitelekeza

Mwanangu,

Picha zako nimezipata. Nilipofika kwenye ile ya trei, na majani yaliyogeuka tope jeusi, niliona haya. Huu mwaka wa tatu tangu nikizime kile kipoza hewa cha maji, cha kitalu cha maua ya okidi, nikijiambia nitakiosha wiki ijayo, na maji nikayaacha humo humo. Kwa hiyo unachokisugua sasa ni uvivu wa mama yako. Mashine yenyewe haina kosa.

Usikiwashe kwanza. Najua hamu ilivyo, maana mimi mwenyewe iliniponza. Kipoza changu cha kwanza nilikipata kikuukuu, nikakichomeka kwenye umeme papo hapo nione kama kinazunguka. Beringi zilikuwa zimeganda kwa kutu. Mota ikanguruma bila kuzunguka, na kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi nikasikia harufu ya waya unaoungua. Nikawa nimeua mota nzima kwa sekunde chache za papara.

Chomoa plagi, uilaze mahali unapoiona, ndipo uzungushe feni kwa mkono. Ikizunguka laini na kuendelea kidogo baada ya kuiachia, ni nzima. Ikikwaruza, tafuta vijitundu vya oili kwenye beringi, tia matone mawili matatu na uzungushe tena. Kama bado inalia kama mchanga ndani ya kopo, beringi hizo zimekwisha, zibadilishe. Pembeni ya mota kuna kikopo kidogo chenye nyaya: hiyo ni kapasita, na huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Ncha zake usiziguse. Mkanda nao ukunje uutazame upande wa ndani, kwani nyufa hujificha huko. Ukiurudisha, ubonyeze katikati ya puli mbili kwa kidole. Ushuke kama sentimita 2 hivi. Ukikazwa kupita hapo unakula beringi.

Sasa pedi, zile zinazoloweshwa maji ili hewa ipoe ikipita ndani yake, ambazo ndizo mashine yenyewe. Hayo mengine yote ni vibarua wake. Maji yanapogeuka mvuke hayaondoki na chokaa yake, huiacha pale pale, tone kwa tone, mpaka pedi inakuwa ngumu kama gamba la konokono. Kwenye picha yako ya tatu naona kona ya chini kushoto imekuwa nyeupe kabisa. Ibonyeze. Ikivunjika kama chaki, usihangaike nayo, weka pedi mpya. Ikiwa bado ina uhai, iloweke kwenye maji yenye siki kisha uisuuze taratibu, bila brashi ngumu. (Siki na dawa ya klorini usivichanganye hata kwa bahati mbaya. Hutoa gesi ya sumu, na kitalu ni chumba kidogo.)

Halafu panda juu, kwenye bomba linalogawa maji. Kila kitundu kikizibwa na chokaa, chini yake pedi hubaki na mstari mkavu, na hewa ni mjanja: hupita hapo hapo penye wepesi, ikaingia kwenye kitalu na joto lake lote. Zibua vitundu kimoja kimoja kwa waya mwembamba. Ni kazi ya kuchosha, na sijui njia ya mkato.

Pampu fungua kichujio chake, toa ukungu wa kijani uliojisokota kwenye pangaboi, na usiijaribu bila maji. Trei ikwangue kutu, iache ikauke kabisa ndipo upake rangi ya kuzuia kutu. Boya lile la plastiki litikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, limetoboka. Halitaelea sawasawa, vali haitafunga, na utaamka ukute sakafu imefurika. Usilizibe kwa gundi kama nilivyofanya mimi. Nililiziba mara mbili, na mara mbili nikapiga deki usiku.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalielewi, wakadhani kipoza kibovu. Hiki si friji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto kama la pasi ya wati 1,000 iliyowaka dakika 40 mfululizo, lakini itageuka mvuke tu kama hewa ina nafasi ya kuupokea. Hewa ya nyuzi 38 yenye unyevu wa asilimia 20, ikipita kwenye pedi nzuri, yaweza kutoka na nyuzi 25 hivi. Ile ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 itashuka nyuzi 4 tu, labda, hata ukiweka pedi mpya kila wiki. Siku kama hiyo zima pampu, acha feni peke yake.

Na ufungue tundu la hewa upande wa pili. Nakukumbuka ulivyokuwa ukifunga kila dirisha ili ubaridi usitoroke! Hewa isipotoka, unyevu hujaa, mvuke unakoma, na okidi zangu (samahani, zako) zinaanza kuoza shingoni. Acha ile hewa nzito itoke zake.

Ukishaanza kukitumia, mwaga maji ya trei yote kila baada ya siku kadhaa uweke mapya, kwa sababu yanayobaki huzidi kuwa na chokaa. Msimu wa joto ukiisha, kikaushe, kizibo cha chini ukiache wazi, ukifunike.

Siku ukikiwasha, lowesha pedi kwanza kwa pampu dakika kama kumi, ndipo feni ifuate. Kipimajoto kitundike kivulini, usawa wa majani. Kisha niandikie namba mbili tu: ya hewa inapoingia kwenye pedi, na ya pale okidi zilipo.

Mama yako