Tiketi ya meli iandikwe saa ya kupanda na namba ya kiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo wasafiri wa Ziwa Victoria tunalinung'unikia getini kila mara, kisha meli ikishang'oa nanga tunalisahau mpaka safari nyingine. Nazungumzia foleni ya kupanda meli. Siombi meli mpya wala gati jipya. Naomba tiketi ya abiria iandikwe saa ya kupanda na namba ya kiti, kwa madaraja yote, hata lile la bei ya chini kabisa.

Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba, nakaa Nansio, kisiwani Ukerewe. Mwanza ndiko sokoni kwangu, na Bukoba nakwenda mzigo ukiruhusu. Wenzetu wa Sengerema na Geita wameshapata Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya magari ya kivuko cha Kigongo na Busisi iliyokuwa ikimaliza saa nzima za watu imekwisha. Nawapongeza kwa moyo mweupe. Sisi bado ni maji, ukipita Nansio maji, ukizunguka Rugezi maji. Kwa hiyo mambo ya getini kwetu si ya mara moja kwa mwaka.

Kwa asiyewahi kusafiri na meli ya usiku, hali iko hivi. Tiketi inaonyesha saa ya kuondoka peke yake. Meli ikiwa ya saa 3 usiku, abiria wa daraja la tatu wanaanza kujaa getini tangu alasiri, wamekalia mabegi yao juani. Wanawahi kwa sababu hawana namba ya kiti. Anayeingia mwanzo anapata benchi lenye mahali pa kuegemea. Anayeingia mwisho atakesha na upepo wa ziwa kwenye sitaha, na mtoto wake mapajani. Wapo hata vijana wanaojipenyeza mapema, wakatandika mikeka kwenye mabenchi, halafu wanakuuzia nafasi ambayo umeshailipia kwenye tiketi.

Geti linapofunguliwa hakuna tangazo. Unasikia tu watu wamesimama, na wewe unasimama. Mlango mmoja unapitisha abiria, makuli wenye magunia begani, wauza maji na wasindikizaji. Mkaguzi anaanza vizuri, tiketi mojamoja. Baada ya muda anazidiwa, anapokea tiketi tano kwa mkupuo kutoka kwa mtu mmoja anayesema "hawa wote ni wangu". Safari moja ya karibuni, kwenye gati ambalo sitalitaja, nilikuwa nyuma ya bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni na mfuko wa mchele mkononi. Kuli akampitia kwa gunia, mfuko ukapasuka, na bibi akainama kuokota mchele katikati ya miguu ya watu. Tulimzuia asikanyagwe, tukampitisha. Tiketi yake ikachanwa. Yule mtoto wa mgongoni hakuna aliyemtazama, sembuse kumwandika.

Hapo ndipo ninapoumia zaidi, Mhariri. Foleni ya kupanda ndiyo mahali pekee ambapo watu wa meli wanaweza kuhesabiwa mmoja mmoja. Foleni ikivurugika, hesabu nayo imevurugika.

Watu wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa jambo hilo na mgeni. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikitoka Bukoba na Kemondo. Meli ile ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Waliokuwa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, na zipo familia zilizobaki na jina ambalo halimo kwenye karatasi yoyote. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Iliripotiwa wakati ule kwamba aliyekuwa akikata tiketi naye alifariki na mashine yake ikapotea majini, kwa hiyo hata idadi ya waliopanda ikawa ya kukisia. Sisi wa Ukerewe tulizika. Mtu akiniambia foleni ni jambo dogo, namwomba aende Ukara akayaone makaburi.

Nimefuatilia jinsi wenzetu wa meli za kitalii wanavyopakia watu. Miami, Marekani, ipo meli inayoitwa Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inayoweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Wote hao hupanda siku moja, tena siku hiyohiyo ambayo abiria wa safari iliyopita wameshuka asubuhi. Wangesukumana kama sisi, pangekuwa na maafa kila wiki. Wanachofanya ni hiki: abiria anajiandikisha mtandaoni kabla ya safari na anapata muda wake wa kufika bandarini. Begi kubwa analikabidhi kwa wapagazi nje ya jengo, likiwa na kibandiko chenye namba ya chumba, na baadaye analikuta mlangoni mwa chumba hicho. Yeye anapanda na mfuko wa mkononi. Kupokea abiria kunafungwa mapema, mara nyingi saa moja au saa moja na nusu kabla ya kuondoka, kwa kuwa sheria ya Marekani inataka orodha ya waliomo ifike kwa maofisa wa forodha na mipaka angalau dakika 60 kabla meli haijaondoka.

Hata huko wapo wanaowahi kabla ya muda wao. Ila anayechelewa hapotezi kitanda, maana chumba chake kina namba tangu siku aliyolipa. Kwangu mimi siri yote iko hapo. Tunasema Waswahili hawajui kupanga mstari. Si kweli, na maneno hayo yananiudhi. Watanzania haohao wanapanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, wanafika mapema, wanaonyesha kitambulisho na wanatafuta behewa na kiti kilichoandikwa kwenye tiketi. Mpe mtu kiti chake, hatakuwa na sababu ya kumkanyaga bibi wa watu.

Kuna faida nyingine. Meli ya Costa Concordia ilipopata ajali Italia Januari 2012, mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku ileile walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu 2015 abiria wapya lazima wafanyishwe zoezi hilo kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kanuni hizo ni za safari za kimataifa za baharini, najua, lakini maji hayachagui. Geti likifungwa saa moja kabla, mabaharia watapata nafasi ya kutuonyesha maboya yalipo na namna ya kuyafunga, watoto wakiwemo. Kwa sasa wengi wetu tunayaona tu juu ya dari.

Najua nitaambiwa kwamba mtu wa kisiwani hawezi kutunza saa. Mkazi wa Ukara anavuka kwanza hadi Bugolora, anatafuta gari la Nansio, ndipo apande meli. Ni kweli, akipangiwa saa 7 anaweza kufika saa 8. Basi anayepitwa na saa yake apande na kundi la mwisho, ili mradi geti halijafungwa. Kiti chake kipo. Na gharama? Kuandika namba kwenye benchi ni kazi ya kopo la rangi na fundi wa siku moja. Mizigo mikubwa ipite mlango wake na ikabidhiwe kabla ya watu kuanza kupanda. Wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wenye watoto wachanga wapande kundi la kwanza. Kila mtoto, hata wa mgongoni, aandikwe jina, hata kama halipi nauli.

Jambo la mwisho ni meli inapochelewa. Ziwa likichafuka lazima isubiri, na hakuna anayelaumu hilo. Lakini namba za simu tunaziacha dirishani tunapokata tiketi. Ujumbe mfupi ungemwezesha mtu wa Bwiru au Igoma, pale Mwanza, abaki kwake hadi saa mpya, badala ya kukaa na watoto nje ya geti mpaka usiku wa manane.

Naomba wahusika wajaribu mpango huu kwa mwezi mmoja, kwa safari moja tu ya mwisho wa wiki, ambapo watu huwa wengi. Naomba pia watujibu kupitia ukurasa huu kama kuna kinachozuia, ili sisi wasafiri tukijue.

Wako,
Mfanyabiashara wa mitumba,
Nansio, Ukerewe.