Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: safari hii sitasema mimi ni dada yake

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mchangiaji wa bima ya afya, na sijawahi kuchelewesha mchango wangu hata mwezi mmoja. Niseme mapema usije ukahangaika kukisia: mimi ni mwanamke, mwenzangu ni mwanamke, na tumeishi nyumba moja miaka 12.

Usiku mmoja alishikwa na kidole tumbo. Mapokezi wakauliza kwanza, "Wewe ni nani wake?" Nikajibu, "Dada yake." Jibu hilo hufungua milango, na wengi wetu tunalo mdomoni kabla hatujaulizwa. Karani akaliandika.

Baadaye mtaalamu wa nusukaputi akaja mbio na faili. Akaniuliza mimi, nduguye wa damu: katika ukoo wenu kuna aliyewahi kupata homa kali au kukakamaa misuli alipopewa dawa ya usingizi? Swali hilo si la mazoea. Kuna hitilafu ya kurithi ambayo mtu anaweza kuishi nayo bila dalili yoyote, ikaamka akiwa juu ya meza ya upasuaji, na inaua. Nami najua nini kuhusu damu ya kwao? Nikakiri kwamba mimi si dada. Daktari hakunung'unika, aliomba tu namba ya mama yake mzazi. Bahati nzuri, mama alipokea simu saa tisa ya usiku.

Karani ndiye aliyenitoa nje, nikakaa kwenye benchi hadi asubuhi. Bili ilinifuata huko huko, kwa kuwa kadi yangu ya bima haina nafasi yake. Sikuwa wa karibu kiasi cha kumwona, ila kulipa nilitosha.

Washauri wako watakwambia suala hili lisubiri sheria ya ndoa. Haliwezi kusubiri, wala halihitaji. Korea Kusini haitambui ndoa za jinsia moja, lakini tarehe 18 Julai 2024 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba So Seong-wook ana haki ya kuwa mtegemezi wa mwenzake, Kim Yong-min, katika bima ya taifa. Alikuwa amesajiliwa mwaka 2020, kisha akafutwa mwaka huo huo. Mahakama iliona jambo jepesi tu: shirika la bima lilikuwa likiwakubali mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila cheti cha ndoa, hivyo kuwakatalia hawa ni ubaguzi. Afrika Kusini nayo, miaka minane kabla ya sheria yake ya mwaka 2006 iliyoruhusu ndoa hizi, mahakama ilikubaliana na ofisa wa polisi aliyekataliwa kumwandikisha mwenza wake wa kike katika bima ya polisi. Na Marekani, ambako ndoa hizi zilihalalishwa nchi nzima mwaka 2015, Rais Obama aliagiza mwaka 2010 kwamba hospitali zinazopokea fedha za Medicare na Medicaid, mipango ya bima ya afya ya serikali, zimwachie mgonjwa achague nani amtembelee.

Najua hofu ya udanganyifu: watu wataandikisha marafiki. Basi dai kiapo, dai ushahidi wa makazi ya pamoja, zuia mtu kubadilisha jina kila mara. Nitaleta vyote, na kama kuna mchango wa ziada nitaulipa.

Ninachoomba kiko kwenye fomu mbili. Ya bima, penye "mume/mke", isomeke "mwenza". Ya hospitali, mgonjwa aandike mwenyewe mtu wake wa karibu, na neno lake liheshimiwe hata akiwa hajitambui.

Mwezi ujao mwenzangu anarudi kupasuliwa ngiri iliyotokea kwenye kovu lile lile. Nitaulizwa tena mimi ni nani wake, na sitasema dada. Naomba unijulishe kwa maandishi, kabla ya siku hiyo, karani ataandika nini.

Wako,
Mchangiaji