Mkono wa Idd kwa wasichana wa timu

Wanangu, Idd Mubarak. Mwezi umeandama. Takbira nazisikia kutoka misikiti mitatu kwa mpigo, na jikoni tambi zimeshakaangwa, zangoja tui na iliki. Mola azikubali saumu zenu. Nanyi mliokula Pasaka juzi, sikukuu hii ni yenu pia: pilau yenu tulikula, sasa ni zamu yetu.

Najua mnangoja mkono wa Idd. Noti mpya za kuwatosha nyote 12 sina mwaka huu. Nilicho nacho ni ule usiku wa Jumapili, na nataka niusimulie vizuri, maana wengine mlilala kabla ya mapumziko.

Ilikuwa saa nne, tarawehe zimekwisha, simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya chai na vichwa 9 vimeizunguka. Fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani kwa wanawake, South Carolina na Iowa, mjini Cleveland. Iowa walitia pointi 10 wenzao wakiwa hawajapata hata moja. Nyota wao, Caitlin Clark, peke yake alifunga 18 katika robo ya kwanza. Mmoja wenu akaguna, "Kocha, hawa wamekwisha." Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa naikumbuka mechi ya mwaka jana.

Mwaka 2023 South Carolina hao hao walifika nusu fainali wakiwa wameshinda mechi 36 bila kufungwa, Iowa wakawatoa 77 kwa 73. Kisha wachezaji wote 5 wa kikosi cha kwanza cha South Carolina wakamaliza chuo, wakaenda zao. Walioachiwa timu, wengi wao walikuwa wa benchi.

Katika mechi ile Clark alimwacha Raven Johnson wa South Carolina wazi kabisa, akampungia mkono kama kusema, mwacheni arushe. Ile video ilizunguka dunia nzima. Raven alikuja kusema kwamba karibu aache mpira kwa aibu. Basi Jumapili, mapumziko yakikaribia, Clark yuko katikati ya uwanja anadunda, Raven akanyoosha mkono akaudokoa mpira, akakimbia nao peke yake mpaka kikapuni. Wenye macho mlipiga ukelele mama mwenye nyumba akatoka na kanga begani, kadhani kuna mwizi. Kwa kweli alikuwapo!

Mechi iliisha 87 kwa 75, South Carolina wakatwaa kombe. Kamilla Cardoso wao, aliyeondoka kwao Brazili akiwa na miaka 15, alifunga 15 na kudaka ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, 17. Huyu ndiye yule wa mwezi uliopita dhidi ya Tennessee: timu iko nyuma kwa pointi 2, imebaki sekunde moja na kidogo, akarusha kutoka mbali, akatia pointi tatu za kwanza katika maisha yake yote ya chuo. Msimu mzima mechi 38, ushindi 38. Kocha wao, Dawn Staley, alilia mbele ya kamera. Yeye alipokuwa mchezaji wa chuo kombe hilo hakulipata.

Lakini hesabu iliyoninyima usingizi ni nyingine. Wachezaji wa benchi wa South Carolina walifunga pointi 37. Wa benchi wa Iowa, sifuri. Aliyeongoza kwa pointi South Carolina alikuwa Tessa Johnson, msichana wa mwaka wa kwanza aliyetokea benchi, 19.

Nililala nikiwafikiria wanne wenu. Mnajijua. Msimu uliopita mlikuja mazoezini kila siku, mkabeba mipira, mkafua jezi za wenzenu, nami nikawakalisha mechi nzima nzima kwa kuogopa kupoteza. Yule mdogo wenu kuna siku alifunga kamba za viatu, akafungua, akafunga tena, akinitazama, nikageuza uso. Leo ni usiku wa kuombana radhi. Nisameheni, wanangu. Niliwanyima haki yenu.

Kesho swalini, zungukieni jamaa, kuleni mshibe. Idd pili, baada ya alasiri, tukutane uwanjani, kila mmoja na sahani yake. Tambi zangu nitaleta sufuria nzima. Tutacheza kwanza, tutakula baadaye. Wale wanne ndio wataanza.