Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sarafu za Shaba, Madaraja Yake na Minada

Ndugu wanachama,

Katika mwaka tunaoufunga, karibu kila shauri lililofika mbele ya kamati lilihusu jambo moja: sarafu ya shaba iliyonunuliwa mnadani ni ya daraja gani hasa, yaani imehifadhika kwa kiasi gani. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Mabishano makali zaidi yalizuka juu ya sarafu za hela 20 (Heller) za mwaka 1916 zenye alama T ya Tabora, ambazo Wajerumani walizipiga kwa mitambo ya karakana baada ya vita kuwafungia njia za bahari na sarafu kuadimika. Zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya njano. Lugha yetu, ambayo huridhika kuyaita madini yote mawili shaba, imewaponza baadhi yetu, kwani mtu husoma neno hilo katika orodha ya mnada, akapandisha dau kwa kutumaini ile nyekundu iliyo chache zaidi, kisha akaletewa ya njano. Tangu sasa maombi yote yanayopita kwa kamati yataje rangi ya madini, ukubwa wa taji, na ncha za herufi L katika neno HELLER, kama ni kali au zimejikunja, kwa sababu chapa zilizotumika, yaani vyuma vya kupigia sarafu, hazikufanana.

Kuhusu daraja lenyewe, kipimo cha Sheldon cha alama 1 hadi 70, kilichobuniwa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani, kinatufaa kwa sharti kwamba tutofautishe kulika na kupigwa hafifu. Sarafu nyingi za Tabora zilitoka karakana na taji lililofifia kabla hazijaguswa na mchuuzi yeyote, na anayetazama sehemu zilizoinuka peke yake ataishusha bila haki. Kulika hulainisha sehemu hizo na kuzibadilisha rangi. Chapa ikigonga hafifu, huachwa mikwaruzo ya kipande cha madini kama kilivyokuwa kabla ya kupigwa, na mng'ao huendelea kuzunguka maandishi.

Sasa naja kwenye kosa langu. Mwanachama mmoja alinionyesha picha ya sarafu ya shaba iitwayo pesa, ya mwaka 1890, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, iliyotangazwa mnadani kuwa bado nyekundu. Nilimshauri apandishe dau, akashinda. Ilipofika, wekundu wake ulikuwa sawasawa kila mahali, wa waridi kama sufuria iliyotoka kusuguliwa, na kwa lenzi tuliona mikwaruzo myembamba ikipita hadi katikati ya herufi. Shaba ya umri huo iliyobaki nyekundu kwa haki huwa na rangi isiyolingana, hai zaidi kando ya maandishi na ya kahawia palipoguswa. Muuzaji alikataa kuipokea tena kwa mujibu wa masharti yake, na kamisheni ya mnunuzi, inayoongezwa juu ya bei iliyogongewa nyundo, ilipotea pia. Kamati haitatoa tena ushauri kwa picha moja. Tutadai uzito, na picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni.

Baadhi yenu mmeuliza kuhusu kutu ya kijani kwenye pesa zilizokaa pwani. Jibu ni kuziweka pakavu na kuziacha zilivyo. Ndimu na majivu ni vya kusugulia masufuria, na sarafu iliyokwisha kusafishwa hivyo hupewa maelezo tu, bila alama.

Kikao cha kupanga madaraja kitafanyika asubuhi ya siku ya mkutano mkuu. Kila mmoja alete sarafu moja anayoitilia shaka, katika bahasha ya karatasi, si ya plastiki laini, na asitaje bei aliyoinunulia mpaka meza nzima iwe imekwisha kuandika daraja lake. Ile pesa ya 1890 itakuwepo mezani, mwenyewe amekubali.

Mwenyekiti