YAH: FUNDI WENU KUHARIBU PIANO YETU, MTWARA

Ndugu Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima, ingawa fundi wenu alipokuja kwetu Shangani hakuja nayo. Kazi ilikuwa kutyuni piano ya kwaya, yaani kurekebisha sauti zake. Kwamba pini kadhaa, vile vyuma vinavyokaza nyuzi, zimelegea niliandika wazi kwenye fomu yenu. Yeye akatoa kopo la mafuta ya kulegeza kutu, akayapulizia kwenye pini, safu nzima. Nilipomzuia akacheka: "Huku Mtwara nani atajua?"

Meneja, pini ya piano haina nati. Inashikwa na msuguano wa ubao iliyopigiliwa ndani yake, basi. Nyuzi zinazidi 200, na kwa pamoja zinavuta zaidi ya tani 15. Mafuta yakishanyonywa na ubao ule hayatoki, na pini haishiki tena. Fundi anayeijua kazi hupima kila pini kwa spana yake, iliyolegea akaichomoa na kuweka nene zaidi. Na piano iliyoshuka sauti kama yetu huipandisha kwanza yote kwa jumla, kisha akairudia polepole mpaka noti ya A isimame kwenye mitetemo 440 kwa sekunde. Wenu alipita mara moja, akadai malipo yake, akaondoka. Jumapili iliyofuata wimbo wa matoleo tuliumalizia bila piano.

Mhudumu wenu wa simu ananiambia ni unyevu wa bahari. Unyevu tunaishi nao! Unakwamisha vibonye, unashikisha nyuzi kutu. Lakini ubao wa sauti, ule mpana unaotetema pamoja na nyuzi, ukivimba kwa unyevu, sauti hupanda, na ubao wa pini huzibana pini zaidi. Yetu imeshuka.

Narudia lile la kopo, maana kwenye simu nilikatishwa nilipofika hapo. Nilimshika mkono. Watoto wa kwaya walikuwa wamesimama nyuma yangu, wanatazama. Akauondoa mkono wangu, akapulizia tena, kisha akawageukia wale watoto, si mimi, akawaambia huku Mtwara nani atajua. Watoto wanaojifunza muziki, ndani ya kanisa lao!

Nilipopiga simu mara ya kwanza nilitaka fedha zetu tu. Sasa hazitoshi. Rudisheni fedha, na mlete fundi mwingine abadilishe pini zote kwa gharama zenu. Ubao wa pini ukikutwa umeharibika, nao mbadilishe. Nataka pia barua ya kuomba radhi, iandikwe kwa wanakwaya, watoto wale wakiwemo.

Nawapa siku 14. Zikipita, suala hili nalipeleka Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na parokia zote ninazozifahamu kuanzia hapa hadi Lindi na Masasi zitapata nakala ya barua hii. Yule fundi asikanyage tena kanisani kwetu.

Mwalimu wa Kwaya,
Shangani, Mtwara

Nakala: Paroko, Mwenyekiti wa Kwaya