Hiyo barua ya domeini iliyokuja S.L.P. sio bili

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niwaambie wenzangu wenye biashara ndogo huku Mbeya, Njombe na Iringa, hasa sisi wa loji na wa parachichi ambao tumeanza kuwa na webusaiti juzi juzi tu. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaijua wote, hata bibi yangu kule Kiwira anaifuta. Ila karatasi ikija posta, jina la biashara yako limeandikwa sawasawa, mtu anaiheshimu.

Mwezi uliopita mhasibu wetu kafungua sanduku pale posta Tukuyu akakuta bahasha ya Uingereza. Ndani kuna jina la domeini yetu ya .com, yaani anwani ya webusaiti yetu, tarehe ya kuisha ya kweli kabisa, na chini kipande cha kukata ujaze namba ya kadi ya benki, dola 45 kwa mwaka. Akaiweka kwenye faili pamoja na bili ya maji. Mimi nimeisoma mara tatu, nimeisogeza dirishani ndo nikaona sentensi ndogo katikati ya maneno mengi, kwamba hii sio bili, ni ofa tu. Na hiyo kampuni hatuijui, sisi tulinunua kwingine na tunalipa kama dola 15.

Kumbe ukisaini unakuwa umekubali domeini ihamie kwao, bei mara tatu. Rafiki yangu wa mbao Mafinga alilipa, ila namba ya siri ya kuhamishia domeini hakuwa nayo kwahiyo hakuna kilichohama, hela ikaenda na domeini ikaisha muda wake, karibu wiki nzima imeili za wateja hazikuingia na yeye anajua ameshalipia. Iliniuma sana.

Tarehe wanaitoa kwenye rejista ya domeini, ile wanayoiita WHOIS, iko wazi kwa mtu yeyote, na zamani hata jina na anwani ya mwenye domeini vilikuwa vinaonekana. Mchezo wenyewe wa zamani, mwaka 2003 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilishaipeleka kampuni moja mahakamani kwa barua za hivi hivi.

Kinachotuponza ni kwamba anayefungua sanduku la posta sio aliyenunua domeini. Kijana aliyetutengenezea webusaiti alishahamia Dodoma. Sasa nimebandika karatasi juu ya meza ya mhasibu, kampuni tuliyonunua, imeili tuliyosajilia, tarehe ya kuisha, basi. Kampuni ya domeini za .com inatakiwa ikukumbushe kama mwezi 1 kabla na tena wiki 1 kabla, na kawaida inakuja kwenye imeili, so kama uliyosajilia ni ya kijana aliyeondoka, ibadilishe leo leo. Halafu ingia kwenye akaunti yako mwenyewe uangalie kama domeini imefungwa isihamishwe.

Na kama bahasha ishakufikia usiichane kwanza, mwonyeshe anayelipa bili ofisini kwako ile sentensi ndogo aione kwa macho yake.

Mwenye loji,
Tukuyu, Mbeya